Mtoto Kidimbwini na Wakulima wa 1949

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kama mtu anaweza kuwa mjamaa na papo hapo akafuata falsafa ya hisani yenye tija, yaani ile inayotaka kila shilingi ya msaada ipelekwe pale itakapookoa maisha mengi zaidi. Swali lake limenirudisha kwenye matini mbili. Nimezisoma kama mwalimu wa lugha, si mwanauchumi.

Ya kwanza ni insha ya Peter Singer ya mwaka 1972, iliyotokana na maafa ya Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Hoja yake inabebwa na mfano mmoja: ukipita kando ya kidimbwi ukamwona mtoto anazama, utaingia kumwopoa hata nguo zikichafuka. Kwa hiyo, asema Singer, kumpa mhitaji aliye mbali si sadaka bali ni wajibu. Hapo mjamaa hana ugomvi naye. Anamdai tajiri kwa ukali kuliko wengi wanaojiita wa mrengo wa kushoto.

Ugomvi unaanzia kwenye kitabu cha William MacAskill, Doing Good Better, cha mwaka 2015. Hesabu yake ya vyandarua siwezi kuibeza. Hapa Uganda malaria haingoji mapinduzi. Lakini akifika kwenye viwanda vya ujira duni, anatetea ununuzi wa bidhaa zake kwa hoja kwamba bila kazi hiyo wafanyakazi wangeangukia kazi mbaya zaidi. Tuitazame sarufi ya hoja hiyo. Maskini anaokolewa, anapewa, anaajiriwa: vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mtenda ni mnunuzi wa nchi tajiri. Hata mtoto wa Singer hasemi neno, wala hakuna anayeuliza kidimbwi ni cha nani na mbona hakina ua.

Sasa tuwaweke kando yao wakulima wa pamba wa Buganda. Mwaka 1949, wakiwa na chama alichokiongoza Ignatius Musazi, walidai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Ghasia zilizuka mwezi Aprili, na chama kikapigwa marufuku. Mtu wa hesabu angewashauri warudi shambani. Hata hivyo, chini ya Gavana Andrew Cohen, miaka ya 1950, vyama vya ushirika vilifunguliwa mlango wa kumiliki mitambo ya kuchambulia pamba.

Nisimwonee MacAskill. Anakubali kwamba siasa zenye nafasi ndogo ya kufaulu zaweza kuwa na thamani kubwa. Ila mifano yake ni ya mpiga kura wa Marekani na mhitimu wa Oxford anayewania ubunge. Musazi hana nafasi katika jedwali lile.

Kwa maoni yangu, basi, Singer anaweza kukaa rafu moja na wajamaa. MacAskill bado, mpaka maskini awe mtenda katika sentensi zake. Wanafunzi wangu wa uhakiki nimewapa zoezi: waandike upya mfano wa kidimbwi kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa mtoto. Madaftari yanakusanywa Ijumaa.