Gunia la Mgonjwa na Gunia la Jirani

Mwanzoni mwa mwaka 2004, hospitali za Makueni na Kitui, wilaya za Ukambani nchini Kenya, zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano, wakilalamika tumbo na kutapika. Manjano peke yake haimwambii daktari mengi. Ini huweza kuangushwa na virusi, na malaria kali, na pombe haramu, na dawa za miti shamba. Lakini wagonjwa hawa walikuwa wengi mno kwa wakati mmoja, wakitoka vijiji vya aina moja, na walikuwa wakifa kwa kasi isiyo ya kawaida. Kufikia tarehe 20 Julai, daftari la wachunguzi lilikuwa na majina 317. Kati yao, 125 walikuwa wamekwisha kuzikwa: karibu wanne katika kila kumi.

Kilichowaua kilikuwa ndani ya mahindi. Ni aflatoksini, ambayo wengi sasa huiita sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sampuli moja ya mahindi kutoka eneo hilo ilikuwa na sehemu 4,400 za sumu kwa kila bilioni, mara 220 ya kiwango cha 20 kilichoruhusiwa Kenya wakati huo. Na Ukambani haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yenye kuvu, na 12 wakafariki.

Basi kumtaja muuaji ilikuwa kazi nyepesi kuliko iliyofuata. Mkamba ana isyo (mahindi na maharagwe), ana muthokoi, ana ugali. Mahindi yako kwenye kila sufuria, asubuhi na jioni. Ikiwa kila mtu anakula mahindi, kwa nini nyumba hii inachimba kaburi na ile ya ng'ambo ya kijito inaendelea kupalilia? Jibu la swali hilo ndilo linalofanya uchunguzi wa 2004 ustahili kusomwa tena, kwa sababu lilipatikana kwa mbinu isiyo na mitambo mingi: kumtafuta jirani ambaye hakuugua.

Wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya, wakisaidiana na wenzao wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliwachukua wagonjwa 40. Kisha wakachagua kwa bahati nasibu watu 80 wasiougua, ili wawe kipimo cha kulinganishia. Walinganishwa hao walitoka vijiji vilevile. Uchaguzi huo una akili kuliko unavyoonekana. Ukimlinganisha mgonjwa wa Makueni na mtu mzima wa Nakuru, utapata tofauti mia moja: udongo, mvua, mbegu, bei ya sokoni, umbali wa hospitali. Hutajua ipi ndiyo yenye kosa. Ukimlinganisha na mtu wa kijiji chake, aliyenyeshewa na mvua ileile na kupanda kwenye udongo uleule, tofauti nyingi hufutika zenyewe. Zinazobaki ziko nyumbani.

Kila kaya iliulizwa maswali: mahindi yalitoka wapi, yalivunwa vipi, yalihifadhiwa wapi, yaliliwa kwa kiasi gani. Maswali peke yake hayaaminiki sana, maana aliyefiwa hukumbuka kwa namna tofauti na asiyefiwa. Kila gunia lililokuwa na harufu hurudi akilini likiwa na harufu zaidi. Kwa hiyo watafiti walichukua vitu viwili visivyo na kumbukumbu. Walichota mahindi ya kaya. Na walitoa damu.

Damu ndiyo sehemu ya kiufundi iliyokuwa na jambo jipya. Sumukuvu ikiingia mwilini, ini hujaribu kuivunja ili itolewe, na katika kuivunja huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, chenye kung'ang'ania chochote kilicho karibu. Sehemu moja hushika vinasaba vya seli za ini. Nyingine hunasa kwenye albumini, protini inayotengenezwa na ini na kuzunguka katika damu. Mkojo ungeeleza tu mtu alikula nini jana au juzi, lakini albumini huishi wiki kadhaa, na alama ya sumu huishi nayo. Kwa kupima alama hiyo, maabara inaweza kusoma mlo wa miezi miwili au mitatu iliyopita, kama mwenye duka anavyosoma daftari la madeni. Vipimo hivyo vilikuwa vimetumika kwa watu wanaokula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kutumika katika mlipuko wa sumu kali ya ghafla.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 na Eduardo Azziz-Baumgartner na wenzake katika jarida la Environmental Health Perspectives. Mahindi ya kaya za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354.53 kwa bilioni. Ya walinganishwa, 44.14. Ni tofauti ya mara nane. Wastani huo ni wa kijiometri, unaotuliza tarakimu kubwa zilizojitenga, na hapa ulihitajika: sumukuvu haienei sawasawa guniani. Punje chache huweza kubeba karibu sumu yote, na mkono ukichota upande wa pili wa gunia hilohilo unaweza kutoka na mahindi safi. Damu nayo ilikubaliana na mahindi. Wagonjwa walikuwa na alama nyingi zaidi, na miongoni mwao, kadiri alama zilivyozidi ndivyo muda kati ya macho kugeuka manjano na kifo ulivyofupika.

Soma tena tarakimu ya walinganishwa. Jirani mzima, anayetumika kama mfano wa usalama, alikuwa anakula mahindi yenye sumu zaidi ya mara mbili ya kiwango halali. Utafiti huu haukulinganisha sumu na usafi. Ulilinganisha sumu nyingi na sumu ya wastani. Ni jambo linalopita haraka katika majedwali, na huenda ndilo zito kuliko yote yaliyomo.

Kisha yakaja maswali ya nyumbani. Kaya za wagonjwa zilielekea zaidi kuwa zimehifadhi mahindi mabichi, yasiyokauka: uwiano wa uwezekano ulikuwa 3.5. Na zilielekea zaidi kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani: uwiano wa 12.0. Ghala la Kikamba, ikumbi, huinuliwa juu ya nguzo na upepo hupita chini na kando. Chumba cha kulala hakina upepo huo. Gunia lililoegemezwa ukutani, juu ya sakafu ya udongo, likiwa na mahindi yaliyovunwa mwezi Februari wakati mvua isiyotarajiwa ilikuwa inanyesha, ni shamba zuri sana la kuvu.

Mbona mtu aliye na ikumbi aingize mahindi ndani? Kwa sababu ya wezi. Ukame hugeuza gunia la mahindi kuwa mali ya kulindwa usiku, na njia nyepesi ya kulilinda ni kulala nalo. Hofu hiyohiyo huwafanya watu wavune mapema, kabla punje hazijakauka kwenye mabua. Hapa utafiti una kikomo chake: unyevu na kuhifadhi ndani huenda vilisafiri pamoja, vikisukumwa na njaa moja, na kwa watu 120 ni vigumu kuvitenganisha. Tarakimu zenyewe zinakiri. Ule uwiano wa 12.0 una masafa ya uhakika kuanzia 1.5 hadi 95.7, maana yake ukweli unaweza kuwa popote kati ya athari ndogo na athari ya kutisha. Mwelekeo unaaminika. Ukubwa, mtu asiutaje kwa sauti ya juu.

Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa matokeo mengine: wagonjwa walielekea zaidi kuwa na virusi vya homa ya ini aina B, uwiano ukiwa 9.8, masafa 1.5 hadi 63.1. Lakini hapa kuna ushahidi wa nje wa kuegemea. Huko Shanghai, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa kwa miaka, mkojo wao ukiwa umehifadhiwa. Waliokuwa na dalili za sumukuvu pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4, waliokuwa na virusi B pekee, mara 7.3, waliokuwa na vyote viwili, mara 59.4. Ini lililokwisha kuchokozwa na kimoja humudu vibaya kingine. Kenya iliingiza kinga ya aina B katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001, ikimaanisha kwamba mwaka 2004 ni watoto wadogo sana tu waliokuwa wameipata.

Utafiti wa wagonjwa na majirani una udhaifu mwingine wa kimaumbile, na ni mzuri kuusema kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Kwa sababu watu wote walitoka vijiji vilevile, hauwezi kueleza kwa nini vijiji hivyo, wala kwa nini mwaka huo. Kilichofanywa kuwa sawa hakiwezi kupimwa. Kwa hilo ilibidi watu waende sokoni.

Mwezi Mei 2004 timu nyingine, ambayo Lauren Lewis ndiye aliyeongoza uandishi wa ripoti yake, ilipita kwenye masoko 65 ya wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, ikinunua bidhaa 350 za mahindi kutoka kwa wachuuzi 243. Asilimia 55 zilizidi sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 35 zilizidi 100. Asilimia 7 zilizidi 1,000, yaani mahindi yanayoweza kuua yalikuwa yanapimwa kwa mkebe na kulipiwa. Mahindi ya mashamba ya hapo yalielekea kuwa mabaya kuliko yaliyoletwa kutoka mbali. Serikali iligawa chakula mbadala na kutwaa mahindi mabaya, lakini mkulima aliyeuza magunia mawili mwezi Machi alikuwa ameshaitoa sumu nje ya boma lake. Soko la mji kama Migwani, kando ya barabara ya kutoka Kitui kwenda Mwingi, hupokea magunia ya wakulima wengi, huyachanganya na kuyagawa upya. Mnunuzi hutazama rangi, huuma punje, hunusa. Sumukuvu haina rangi, wala harufu, wala ladha.

Jiko la Kikamba, hata hivyo, lina jambo lake. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, ganda na kiini vikatolewa kinuni au kwa mashine, na kuvu hupenda zaidi sehemu hizo za nje. Christopher Mutungi na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walipima mahindi kabla na baada ya kukobolewa wakakuta sumukuvu imepungua kwa karibu nusu kwa wastani, na kuyachemsha kwa magadi kuliipunguza zaidi. Nusu ya 44 ni 22, bado juu ya kiwango cha 2004. Nusu ya 4,400 ni mauti yaleyale. Tena pumba huishia kwa kuku au, mwaka wa njaa, hurudi kwenye unga.

Lilibaki swali la kuvu wenyewe. Aspergillus flavus yuko karibu kila mahali palipo na joto, na mahali pengi hamuui mtu kwa mamia. Mwaka 2007 Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walieleza walichokuta baada ya kuotesha kuvu kutoka mahindi ya eneo la mlipuko: aina iitwayo S, inayotoa vijibonge vidogo vingi na sumu nyingi kuliko jamaa zake wa kawaida. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kuvu hao wa Kenya ni ukoo tofauti na aina za S zilizojulikana Marekani. Kwa nini wilaya hizo? Sehemu ya jibu iko udongoni.

Njia ya kuwakabili kuvu hao inafuata mantiki ya kiti kilichokaliwa. Kama shamba lina kuvu wasio na uwezo wa kutengeneza sumu, na wakiwahi kuikalia mimea, wenye sumu hukosa nafasi. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, hutumia kuvu wapole wa humuhumu nchini, na hutengenezwa Katumani, Machakos, kwenye kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo. Mtama hukaangwa ili usiote, hupakwa mbegu za kuvu na rangi ya buluu ili mtu asiudhanie chakula, kisha hurushwa shambani kwa mkono, kilo nne kwa ekari. Wakati ndio mgumu. Ni wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, tena udongo uwe na unyevu, kwa kuwa kuvu hao huhitaji maji waamke na kuenea. Kwa mkulima wa Makueni au Migwani, anayesubiri mvua za Novemba zisizoshika ahadi, siku hizo ni chache. Mvua ikikatika, mtama wa buluu hubaki juu ya vumbi, na ndege huufikia kabla ya kuvu kuamka.