Ubao Wenye Jina

Ubao wa kale una sifa mbili, na wauza magitaa hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni ukavu: ubao uliokaa darini miaka mia moja umekauka hasa, umekuwa mwepesi, nao huitikia uzi upesi. Ya pili ni jina: ulitoka wapi, na nani aliukalia. Sifa ya kwanza husikika. Ya pili husomwa kwenye hati.

Nayasema haya kwa ajili ya magitaa yanayoundwa machache, kila moja na namba yake, kutokana na mbao mashuhuri. Kampuni ya Fender ya Marekani imepata kuunda magitaa kwa mbao za mabenchi ya zamani ya ukumbi wa Hollywood Bowl. Sina ugomvi na useremala wake. Nauliza tu: mnunuzi akifumba macho, atalisikia benchi? Thubutu! Amelipia hadithi, na kitu kilicholipiwa hadithi huishia kabatini, maana kukikwaruza ni kukishusha bei.

Ninavutiwa zaidi na Rick Kelly, fundi wa mtaa wa Carmine, New York. Naye huchukua boriti za misonobari zitokazo katika majengo ya kale ya jiji hilo, lakini anazithamini pia kwa ukavu wake, na wapigaji humwendea ili wapige.

Sisemi kwamba mbao za kumbukumbu hazina mahali pake. Katika kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Kazi ya msalaba ule ni kutazamwa na kukumbusha. Kazi ya gitaa ni kulia.

Tena, ndugu msomaji, umaarufu wa kweli hutoka vidoleni ukaingia katika mti. Brian May na baba yake walianza kuunda gitaa lao mwaka 1963, Uingereza. Shingo waliichonga kwa ubao wa zamani wa mekoni, wenye matundu ya wadudu. Ubao ule haukuwa na hati. Ndilo gitaa lililoisindikiza sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, na leo linajulikana dunia nzima.

Sisi wa Ugogoni jambo hili si geni kwetu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipiga ilimba mpaka Ulaya, na watu walimfuata kwa sauti yake, si kwa jina la mti.

Hapa Mpwapwa seremala jirani yangu ana boriti ya mninga iliyotoka katika nyumba ya kale iliyobomolewa. Watu wanamshauri aunde magitaa matatu yenye hati, awauzie wageni. Nilimwambia aigonge kwanza, aisikilize. Ikilia, aunde gitaa moja, alipate kijana wa kwaya atakayelipiga kila Jumapili. Isipolia, aunde mlango. Najua ushauri wangu unampunguzia fedha, naye ana watoto wa kusomesha. Hata hivyo siwezi kumwambia vingine.