Lavaux: ugumu wa mavuno hauko kwenye mkasi

Watalii wengi wanaofika Lavaux mwishoni mwa Septemba huelekeza kamera kwa wachumaji: kofia, mkasi, kichala cha zabibu zilizoiva, na nyuma yao maji ya ziwa. Ni picha nzuri, ila haielezi lolote. Anayetaka kujua mavuno haya yanafanyikaje aangalie pembeni ya miguu ya mchumaji, ilipopita reli moja nyembamba yenye meno inayopandisha mlima. Zabibu zote alizozikata zitapita hapo, au mgongoni mwa mtu.

Lavaux ni ukanda wa mashamba ya mizabibu kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Léman, katika jimbo la Vaud nchini Uswisi. Unaanzia viunga vya Lausanne na kuelekea mashariki kwa kilomita kama 30 hadi karibu na ngome ya Chillon. Uso wa ziwa uko mita 372 juu ya usawa wa bahari, na mashamba huanza karibu kabisa na maji kisha yakapanda mlima, ngazi juu ya ngazi. Kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe. Ukiziunganisha kuta hizo, urefu wake unapita kilomita 400. UNESCO iliuingiza ukanda huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007, na nadhani iliangalia kuta kuliko mvinyo.

Waliozianza ni watawa wa shirika la Citeaux, katika karne ya 12, baada ya kupewa ardhi na askofu wa Lausanne. Watu wa Bern walipoiteka nchi ya Vaud mwaka 1536, mali za Kanisa zilibadilisha mikono. Hadi leo Jiji la Lausanne linamiliki mashamba mawili yaliyokuwa ya watawa hao katika eneo la Dézaley: Clos des Moines na Clos des Abbayes.

Ukuta wa Lavaux una kazi tatu kwa mpigo, na fundi anayeijua moja tu ataharibu. Kazi ya kwanza inaonekana: kuzuia udongo usiteremke ziwani. Ya pili imejificha, nayo ikishindikana ndipo kuta huanguka: kuyaacha maji yapite. Mvua kubwa ikinyesha, maji hujaa kwenye udongo nyuma ya mawe na kuusukuma ukuta kwa nje. Ukuta uliopangwa bila saruji hupumua, kwa kuwa maji hupenya kwenye nafasi za mawe na kutoka yenyewe. Ule uliojengwa kwa saruji ni lazima uachiwe matundu chini. Matundu yakizibwa na mizizi au tope, ukuta huanza kutoa tumbo, na baada ya miaka michache hulala pamoja na mizabibu iliyo juu yake. Ukitembea kwenye njia za Epesses au Saint-Saphorin utaona kuta zenye tumbo la namna hiyo zikisubiri zamu ya mwashi. Na udongo unaoteremka licha ya ukuta kuwepo, watu wa zamani waliukusanya chini na kuurudisha juu kwa tenga, mgongoni.

Kazi ya tatu ni joto, na hapa kuna hadithi ambayo kila mwongoza watalii atakusimulia: zabibu za Lavaux huivishwa na majua matatu. La kwanza lipo angani, la pili huakisiwa na ziwa, la tatu ni joto ambalo mawe huliweka mchana na kulitoa usiku. Hadithi inapendeza. Tuipime.

Jua la angani halina ubishi, ila mteremko unalisaidia sana. Mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huko husimama nyuzi kama 42 tu juu ya upeo, wakati Dar es Salaam siku hizohizo linapita karibu na utosi. Shamba la tambarare lingepigwa na mwanga wa upande. Shamba lililoinama nyuzi 20 kuelekea kusini linapokea mwanga huo kana kwamba jua liko nyuzi 62. Mteremko uleule unaomtesa mchumaji ndio unaoufanyia kazi mzabibu.

Jua la pili lina walakini. Maji hayaakisi mwanga sawa saa zote. Jua likiwa juu, ziwa lililotulia hurudisha asilimia chache tu ya mwanga na kumeza unaobaki. Tena mwale unaoakisiwa hupanda kwa pembe ileile ulioingilia: ukiingia kwa nyuzi 42 utapanda kwa nyuzi 42, na mlima ulioinama chini ya hapo hautaguswa. Mwale utapita juu ya vichwa vya mizabibu. Mawimbi hutawanya mwanga kidogo, ila hayabadilishi hesabu sana. Jua la ziwa huanza kazi asubuhi na jioni, likiwa chini kuliko mteremko wenyewe. Hapo maji huweza kurudisha robo hadi theluthi ya mwanga, ambao saa hizo umekwisha kudhoofika. Kwa hiyo lipo, lakini ni la saa chache, na linafaidisha zaidi sehemu zenye mwinuko mkali kama Dézaley.

Jua la tatu ni la kweli, na ushahidi wake hauhitaji chombo. Weka kiganja kwenye ukuta saa moja baada ya jua kuzama: mawe bado yana uvuguvugu ilhali hewa imeshaanza kupoa. Vichala vilivyo karibu na ukuta huutumia uvuguvugu huo mpaka usiku.

Lakini hadithi imesahau lililo kubwa kuliko yote, nalo ni ziwa lenyewe kama ghala la joto. Kina chake kinafika mita 310, na limepashwa joto kiangazi kizima. Lita moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa joto la kutosha kupandisha kwa nyuzi moja zaidi ya lita 3,000 za hewa. Ndiyo maana baridi ya msimu wa majani kupukutika huchelewa kufika ufukweni, na mkulima hupata siku chache za ziada kabla ya kuamua kukata. Kama ningekuwa mwongoza watalii ningesimulia habari ya majua mawili na nusu, pamoja na ghala moja.

Siku hizo chache zina maana kubwa kwa sababu Lavaux huvuna mara moja tu kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma, ambako hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, hupogoa ili kuuanzisha upya, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Akiharibikiwa Machi, bado ana Agosti. Wa Lavaux akikosea Oktoba, atasubiri mpaka Oktoba nyingine.

Uamuzi wa kukata huanza na tone la maji ya zabibu. Mkulima hupita shambani akichuma punje hapa na pale, za juu na za chini ya kichala, za kivulini na za juani, kisha huzikamua na kutazama tone lake kwenye refraktomita. Kipimo kinachotumika kinaitwa Oechsle, kwa jina la sonara Mjerumani Ferdinand Oechsle. Kinaonyesha gramu ambazo lita moja ya maji ya zabibu inazidi lita moja ya maji ya kawaida. Kipimo cha 75 maana yake lita ina uzito wa kilo 1.075, na sukari yake ikichachuka yote huzaa kilevi cha asilimia 10 hivi. Aina inayotawala hapa ni Chasselas, zabibu nyeupe yenye ngozi nyembamba, isiyo na sukari nyingi wala ukali mwingi. Uchunguzi wa vinasaba unaielekeza asili yake kwenye eneo la ziwa hili hili. Ikisubiri mno, ukali wake huisha na mvinyo hupooza. Mvua ikiikuta imeiva, ukungu huingia.

Kikomo kingine hakionekani shambani: serikali ya jimbo huweka kila mwaka kiasi cha juu cha zabibu kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo wakulima huondoa vichala vya ziada wakati wa kiangazi, vingali vya kijani. Mgeni huviona chini na kudhani ni uzembe.

Siku ya kukata ikifika, wachumaji hujipanga kwenye mistari, wengi wakiwa wageni waliokuja kwa msimu. Mkono mmoja hushika kichala, mwingine hukata kikonyo, kisha ncha ya mkasi huondoa punje zilizooza kabla kichala hakijawekwa kwenye kreti. Mtu mwenye akili zake hujifunza kazi hii kwa nusu saa. Kreti ikijaa ndipo mtihani unapoanza, maana barabara iko juu, au chini, na katikati kuna kuta na vidaraja vya mawe vyenye upana wa mguu.

Kwa karne nyingi jibu lilikuwa mgongo. Mbebaji alivaa tenga la mbao, akalijaza, akapanda. Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta ile reli ya meno, wazo lililoanzia Japani kwenye mashamba ya machungwa ya milimani. Ni bomba moja lililosimikwa kwenye vijiti vya chuma kufuata umbo la mlima. Juu yake hukaa injini ndogo, kiti cha dereva na kitoroli cha kubebea kreti. Gurudumu la meno hung'ata reli, kwa hiyo kitoroli hakiwezi kuteleza. Kinakwenda polepole kuliko mtu mwenye haraka, lakini hakichoki na hakivunji goti. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba reli haikudai ukuta hata mmoja ubomolewe. Barabara ingedai.

Na kubomoa lilikuwa jambo la hatari halisi. Reli ya treni ilipita hapa mwaka 1861, barabara kuu ikaja juu ya mashamba miaka ya 1970, na wajenzi wa nyumba za kifahari wakafuata. Mwaka 1977 wapiga kura wa Vaud walipitisha pendekezo la mwanamazingira Franz Weber la kuilinda Lavaux kwa katiba ya jimbo, wakalithibitisha tena mwaka 2005. Alipotaka masharti makali zaidi mwaka 2014 walimkatalia, wakachagua pendekezo la serikali ya jimbo lililo laini kidogo. Naona walifanya sawa: mkulima asiyeruhusiwa hata kupanua ghala lake ataondoka, na mkulima akiondoka hakuna wa kurekebisha tumbo la ukuta.

Zabibu zikishafika kijijini hukamuliwa siku hiyohiyo. Maji yake huchachushwa, na kwa kawaida asidi ya maliki huachwa igeuke kuwa asidi ya laktiki iliyo laini zaidi, jambo linaloipa Chasselas ulaini wake. Mvinyo mwingi huwa chupani kufikia majira ya kuchipua.

Ukienda, liache gari Lausanne. Treni husimama Lutry, Cully, Epesses, Rivaz na Saint-Saphorin, na njia za miguu zinapita katikati ya mashamba. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, usipande juu ya kuta, na usichume hata punje moja, kwani kila mstari una mwenyewe. Wala usitarajie kuikuta chupa yake dukani ukirudi nyumbani: karibu mvinyo wote wa Uswisi hunywewa Uswisi, na unaouzwa nje ni asilimia 1 au 2 tu.