Maoni ya Msomaji Kijana juu ya Riwaya Zipendwazo

Si desturi ya jarida kama hili kushughulika na maoni ya mwanafunzi ambaye hajapata hata shahada yake ya kwanza. Nathubutu kuivunja desturi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, maoni yenyewe yametoka kwa mtu asomaye na kuandika hadithi za aina anayoizungumzia, na watu wa namna hiyo ni wachache katika vikao vyetu. Pili, maoni hayo yanatuhukumu sisi walimu wa lugha, na mtu akihukumiwa kwa haki hana budi kukiri.

Mwenye maoni ni msichana wa miaka 21. Tangu alipokuwa shule ya sekondari amekuwa akitunga hadithi za mfululizo na kuwapelekea wasomaji wake kwa simu, sehemu moja leo na nyingine kesho kutwa. Sehemu za mwanzo huzitoa bure. Atakaye kujua mwisho hulipa shilingi kidogo kwa simu hiyo hiyo. Aliniletea kurasa 11 za mkono wake juu ya vitabu na hadithi wazisomazo vijana wenzake, na mwisho wa ukurasa wa 11 aliandika swali. Mwalimu wake mmoja wa zamani alimwambia aache hadithi za simu kama ataka kuhesabiwa kuwa mwandishi. Je, aache?

Kabla ya kuyapima maoni yake, yafaa tukumbuke kwamba hadithi za namna hii si ngeni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na baadaye Ben Mtobwa akawapa wasomaji Joram Kiango. Katika miaka yetu hii vijana humtaja Hussein Tuwa, na kitabu chake Mfadhili kimepata kusomwa katika shule za sekondari za Tanzania. Huo ni urithi wa zaidi ya miaka 60, na haukukatika hata pale wachapishaji walipokuwa taabani.

Wahakiki wetu wamezoea kuziita kazi hizi riwaya pendwa, na zile nyingine kuziita riwaya dhati. Kijana wetu auliza: kama hizi si dhati, ni za uongo? Na kama hizi ndizo zinazopendwa, zile nyingine zachukiwa? Nilicheka nilipoisoma sentensi hiyo, kisha nikaacha kucheka. Kitenzi penda kikiingia katika umbo la kutendwa hutupa sifa njema; mtoto mpendwa ni mtoto wa kujivunia. Sisi tumelichukua neno la sifa tukalifanya la dharau, na mwanafunzi ameligundua jambo hilo kabla ya walimu wake.

Malalamiko yake ya kwanza yahusu shujaa. Asema kwamba shujaa wa hadithi nyingi za sasa hali, halali, hachoki, na wala hapigiwi simu na mama yake. Hupigwa risasi ya bega usiku na alfajiri yuko juu ya ukuta. Jambo hili ni kweli, lakini si kweli kwa urithi wote. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hakuruka kuta. Alikaa, akajaza kiko chake, akauliza maswali, akawaza. Wengi wameona ndani yake kivuli cha Sherlock Holmes wa Waingereza, na kivuli kipo. Walakini mazungumzo yake na rafiki yake Najum ni mazungumzo ya barazani Unguja, wala hayakuazimwa London. Mpelelezi wa mbio na bastola, mwenye mvinyo na vimwana, alishika nafasi ya mbele katika miaka ya 1970. Basi, kijana akitaka shujaa mwenye mwili wa kuchoka, hana haja ya kumtafuta ng'ambo. Na arudi nyuma maktabani.

Malalamiko ya pili ni juu ya wanawake. Asema mwanamke katika hadithi hizi ana kazi mbili tu: kuwa chambo au kuwa maiti. Nakubaliana naye, nami sina la kuongeza isipokuwa moja. Nilimwomba anionyeshe hadithi yake mwenyewe, naye akaniletea. Katika sehemu ya kwanza mwanamke anaonekana mlangoni. Tunaelezwa kiuno chake, rangi ya gauni lake na marashi yake, na katika sehemu ya 4 amekufa. Nilipomwonyesha alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, sehemu ile ndiyo iliyonipatia wasomaji wengi." Jibu hilo ni la kweli, na latufunza kwamba kosa hili halikai kwa mwandishi peke yake. Mnunuzi naye ana sehemu yake.

Hoja ya tatu ndiyo bora kupita zote, kwa kuwa imetoka katika kazi yenyewe. Wahakiki, asema, huzilaumu hadithi hizi kwa miisho yake ya haraka, ambapo muuaji hutajwa ghafula na mambo yote hufungwa kwa aya mbili. Lakini hawaulizi hadithi iliuzwaje. Mwandishi auzaye sehemu kwa sehemu hulipwa kwa ajili ya katikati. Kila sehemu lazima iishe kwa mlango unaogongwa. Siku ya mwisho hakuna tena sehemu ya kuuza, na wasomaji wamekwisha kulipa. Ndipo mwandishi, ambaye kichwani amekwisha kuanza hadithi nyingine, huifunga hii upesi. Nadhani hoja hii yaweza pia kutuangazia hadithi za mfululizo zilizotokea magazetini miaka iliyopita. Mimi nimefundisha fasihi na isimu miaka mingi, wala sijapata kuisikia ikielezwa kwa uwazi huo.

Hoja ya nne ni ya lugha, na hapa sikubaliani naye. Yeye ashutumu maneno ya vijiweni yaliyojaa katika mazungumzo ya wahusika: mshikaji, demu, na mengine ya jamii hiyo. Ataka Kiswahili safi. Mimi nasema kwamba kondakta wa daladala akizungumza kama khatibu wa Ijumaa, mwandishi amesema uongo. Maneno ya mtaani katika kinywa cha mtu wa mtaani si uchafu.

Uharibifu nauona penginepo, nao hauna neno geni hata moja. Tazama sentensi hii niliyoitunga kwa mfano wa nyingi nilizozisoma: "Ilikuwa ni yeye ambaye alikuwa amemuua." Kila neno ni la Kiswahili, lakini mifupa ni ya Kiingereza. Mswahili asema, "Ndiye aliyemuua," na kwa maneno mawili amemaliza kazi. Au tazama "mwisho wa siku", itumiwayo siku hizi kwa maana ya hatimaye. Nimesoma tukio ambalo mpelelezi, mwisho wa siku, aliufungua mlango saa mbili za asubuhi.

Kadhalika kiambishi -ka- chapotea. Msimulizi wa zamani angesema: "Alifika, akabisha hodi, akangoja, kisha akaondoka." Mwandishi wa sasa aandika: "Alifika. Alibisha hodi. Alingoja. Aliondoka." Matendo ni yale yale, lakini katika sentensi ya kwanza yameshikana kama shanga katika uzi, na katika ya pili uzi umekatika. Kijana hakukubali mara moja. Alinijibu kwamba msomaji wa simu hukatizwa kila mara, mara ameitwa dukani, mara chaji imekwisha, na sentensi fupi zenye -li- humruhusu kuanza tena popote. Nililifikiria jibu hilo kwa siku mbili. Naona lina haki kwa mwanzo wa kila sehemu, ambapo -li- haina budi kuweka msingi upya. Halina haki kwa tukio lenyewe likisha kuanza. Nilimwambia hivyo, naye ameanza kuandika upya.

Hoja ya tano yanigusa mimi. Asema wasomi huandika juu ya Mzimu wa Watu wa Kale kana kwamba aina hii ilizaliwa na kufa na kitabu hicho, na hizi za sasa huzihukumu bila kuzisoma. Basi na nikiri. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alitaka kuandika tasnifu juu ya lugha ya riwaya za upelelezi. Nilimwambia hazina kina, akatafute mada nyingine, naye akatii. Siku ile nilikuwa sijasoma hata vitabu vitatu vya aina hiyo tangu nilipotoka ng'ambo kuchukua shahada yangu. Na huko ng'ambo nilikuwa nimewaona maprofesa wazee wakifundisha habari za Conan Doyle bila haya yoyote. Nilirudi na elimu yao, nikaiacha adabu yao ya kusoma kwanza na kuhukumu baadaye.

Hasara yenyewe si ya heshima tu. Hadithi ya kwanza ya kijana huyu ilikuwa na sehemu 43. Simu yake iliibiwa kituo cha mabasi, na hadithi ikaenda nayo. Aliwaomba wasomaji wake wa zamani, na wengine walikuwa wamezihifadhi. Hadi sasa amekusanya sehemu 29. Vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 navyo, vilivyochapwa kwa karatasi duni, vinazidi kuwa adimu. Iwapo sisi wenye maktaba na mishahara hatutakusanya, watakaotufuata watachunguza Kiswahili cha karne hii bila ya hadithi zilizosomwa na watu wengi zaidi.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu mambo mawili. Kwanza, taasisi zetu zianze kuzikusanya kazi hizi, za karatasi na za simu, kwa idhini ya watunzi wake. Pili, kurasa hizi zifunguliwe kwa uhakiki wake, uhakiki mkali, kwa kuwa kunyamaziwa hakumfunzi mwandishi lolote.

Nimekwisha kumjibu kijana kwamba asiache. Aendelee kuwauzia wasomaji wake sehemu zake, lakini atunge mwisho kabla ya kuuza mwanzo, na yule mwanamke wa mlangoni apewe la kusema kabla hajafa. Yule mwanafunzi wa tasnifu naye nimemwandikia barua ya kumwomba radhi.