"Kichocheo" Kinachozuia

Neno "kichocheo" limezoeleka mno katika maandishi ya sayansi, hata limebebeshwa maana za homoni, kimeng'enya na kichangamshi kwa pamoja. Hapa tunakusudia kulichambua kwa mfano ulio karibu nasi.

Njia ya misafara iliyopita Tabora ilifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo yumo samaki mdogo, Astatotilapia burtoni. Mwaka 1999 Hofmann, Benson na Fernald walieleza kwamba kasi ya kukua kwa dume lake hufuata cheo chake mbele ya madume wenzake. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba chembe za ubongo zenye somatostatini nazo hubadilika ukubwa. Kazi ya somatostatini ni kuizuia tezi ya pituitari isitoe homoni ya ukuaji. Basi anayeita kila homoni "kichocheo" hulazimika kuandika "kichocheo kinachozuia kichocheo". Mwanafunzi ataelewa nini?

Hata "homoni ya ukuaji" yahitaji uangalifu. Hupimwa katika damu, kwa nanogramu katika mililita, kwa kutumia kingamwili zinazoitambua homoni ya samaki mwenyewe. Samaki akikaa na njaa, mara nyingi kipimo hicho hupanda ilhali ukuaji wadumaa, kwa kuwa ini huacha kuiitikia ipasavyo. Kwa hiyo anayefupisha "kiwango cha homoni ya ukuaji" kuwa "kiwango cha ukuaji" hapunguzi maneno tu, bali anageuza maana.

Kosa hili lina gharama. Vifaranga vya perege hulishwa methilitestosteroni ili wawe madume. Hiyo ni homoni ya jinsi. Ikiandikwa "kichocheo cha ukuaji", mfugaji wa Tabora atadhani kwamba akizidisha dawa atazidisha uzito, naye mlaji hatajua aulize nini.

Kwa maoni yetu, "homoni" libaki kwa homoni zote, "kichocheo" liachiwe wanakemia, na "udhibiti" litumike kwa kuchochea na kuzuia pia. Kirangozi wa msafara aliwaongoza wapagazi katika kwenda na katika kusimama. Kazi yake haikuwa kuwahimiza tu. Istilahi isiyobeba pande zote mbili za jambo haijakamilika, hata ikipendeza masikioni.