Barua ya Askofu Mukubwa Kabanga na masomo juu ya rushwa

Katika universite za inchi yetu vijana wanafundishwa ginsi mali ya Leta inavyoibwa, ginsi wezi wanavyofanya chama, na ginsi ya kupima serikali moja na nyingine. Masomo hayo ni mema. Lakini mutu akisoma vitabu vyao kando ya barua “Je suis un homme”, ambayo Askofu Mukubwa Kabanga wa Lubumbashi aliwaandikia wakristu wake mwaka 1976, ataona upungufu, wala si upande mumoja tu.

Tutwae kitabu cha Mumarekani Thomas Callaghy, kilichochapwa mwaka 1984. Anapima Zaire ya Mobutu na Ufaransa ya wafalme wa zamani. Anaonyesha vizuri kwamba mutumishi wa Leta alikuwa kwanza mutu wa mukubwa wake, kiisha tu mutu wa sheria. Ni kazi ya akili nyingi. Lakini yule anayelipa haonekani sana humo.

Kabanga hapimi inchi. Anauliza juu ya mutu asiyepata haki kwa juji bila kulipa, na juu ya mufungwa anayesahauliwa gerezani. Wakristu wa Koni na wa Likasi, walio wa jimbo lake, hawakuhitaji profesa wa kuwafasiria. Hata hivi barua inakaza zaidi kiu ya feza katika roho. Kuhusu njia ya feza yenyewe, namna inavyopanda toka mikono ya mudogo mpaka kwa mukubwa, Callaghy anatusaidia zaidi. Museminari asiye na kitabu hicho atamulaumu polisi wa barabarani peke yake, na hilo ni jambo rahisi mno.

Kuna tena jambo ambalo universite haiulizi, nasi ni kazi yetu: kurudisha. Kijana amenunua pointi katika mutihani, pengine wa masomo hayohayo juu ya rushwa (tusijifanye vipofu), kiisha amekuwa juji. Akija kuungama, arudishe nini, na kwa nani? Mwizi wa mbuzi tunamwambia: rudisha mbuzi. Lakini diploma? Na mwenzake aliyekosa nafasi, na wale waliohukumiwa naye kwa ujinga?

Ningependa seminari yetu iwakalishe mwalimu wa moral na mwalimu wa politiki meza moja, mbele ya neno hilo moja tu, hata kwa muhula muzima.