Fuata Nyuki, Lakini Nani Anakula?

Sidhani kuna methali iliyochoshwa na wahamasishaji kama "Fuata nyuki ule asali". Nimeisikia kanisani, nikaisikia shuleni siku ya zawadi, na juzi nikaisikia tena redioni ndani ya matatu ya Njoro: vijana, kuweni kama nyuki, amkeni mapema, wacheni kulalamika. Matatu nzima ikatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeamka saa kumi na moja na asali sijaiona, kwa hivyo nikaamua kuisoma hiyo methali upya.

Ina maneno manne tu, na hakuna hata moja linalokuambia uwe nyuki. Inasema fuata. Anayekula ni wewe, si nyuki. Hayo ni maagizo ya mrina asali. Sasa mtu akikuambia uwe nyuki, si amekutoa kwa wanaokula akakuweka kwa wanaorinwa?

Halafu huyo nyuki wao mwenyewe ni wa kubuni. Miaka ya 1950 mtafiti Martin Lindauer alimfuatilia nyuki mmoja ndani ya mzinga wa kioo, akakuta sehemu kubwa ya muda wake inaisha akipumzika au akizunguka mzingani. Kuzunguka huko si uvivu, ndivyo anavyojua ni kazi gani inahitaji mtu. Malkia naye haamuru yeyote, kazi yake ni kutaga mayai. Kundi likitafuta makao mapya, wapelelezi huenda kuangalia mashimo ya miti, wanarudi na kucheza ngoma inayoonyesha upande na umbali. Wengine hawaamini tu, wanaenda kujionea. Wakishakuwa wengi wa kutosha kwenye shimo moja, kundi linahama.

Kazi kweli wanafanya, hilo sikatai. Msimu wa maua, nyuki mfanyakazi huishi kama wiki sita, na wiki za mwisho za kuruka nje ndizo zinazommaliza, mabawa yakiwa yamechakaa. Hiyo sehemu mhubiri huiruka. Huruka pia kwamba nyuki wetu wa Afrika Mashariki wakisumbuliwa sana, au maua yakikosekana, huacha mzinga na kwenda zao. Hakuna anayewaambia wavumilie.

Walioielewa methali hii nawaona karibu tu, msitu wa Mau. Waogiek hutundika mizinga ya magogo juu ya miti, na zamani walipanda na kushuka mlima wakifuata maua ya kila msimu. Kwao kufuata nyuki ni kutembea, na ni kujua mti gani unachanua lini. Sasa ona yaliyowapata. Oktoba 2009 walipewa siku 30 wahame, ati msitu uhifadhiwe. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, ilisema serikali ya Kenya imevunja haki zao, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa wao. Juni 2022 ikaagiza walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na warudishiwe ardhi kwa hati. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena, Sasimwani, upande wa Narok.

Kwa hivyo tatizo langu na ile hotuba ya redioni si kwamba inasifu bidii. Ni kwamba inaongea juu ya nyuki na asali bila kutaja msitu. Waogiek wanajua kufuata nyuki kuliko mhamasishaji yeyote, na bidii yao haikuzuia mtu kuwabomolea. Siku nyingine nikiambiwa niwe kama nyuki, nitauliza kwanza mzinga ni wa nani, na asali inaenda wapi.